Jivu Baridi Katika Chumba cha Chini

Wadogo zangu wa studio, siku niliporudisha funguo mliniomba niwaandikie jinsi kazi ilivyokuwa. Nani alipandishwa cheo na nani aliruka foleni, hayo yamo katika mafaili ya ofisi, na panya wanaendelea kuyasoma. Mimi nitaandika juu ya masikio yangu, maana ndiyo yaliyofanya kazi. Mwili uliobaki uliyabeba tu. Na zaidi nitaandika juu ya bendi ya Jivu Baridi, kwa kuwa kila anayeingia studio yetu ya Himbi huniuliza kwa nini albamu yao ya tatu ina nyimbo tatu tu, na miaka yote nilikuwa nikisikia swali hilo najifanya natafuta waya.

Nilianza katika redio ya parokia. Chumba chetu kilikuwa nyuma ya sakristia, ukuta mmoja umebandikwa magodoro, mwingine trei za mayai. Fundi wa sauti alikuwa Papa Anselme, mtu mfupi aliyesikiliza huku amefumba jicho moja, kama anayelenga shabaha. Siku yangu ya kwanza nilivaa viatu vipya nikidhani nitasalimiana na watu wakubwa. Papa Anselme alinipa kaski, vile vya kusikilizia masikioni, akaweka mikro ya kunasa sauti katikati ya chumba kitupu, akanifungia humo.

"Sikiliza chumba kwanza," aliniambia. "Batu batakuja, batu bataenda. Chumba njo kinabaki."

Nilikaa asubuhi nzima. Nilisikia bati likinyooka kwa jua, saa ya sakristia, mende nyuma ya godoro, na damu yangu mwenyewe. Alipofungua mlango aliniuliza sauti ni ngapi. Nikasema nne.

"Ziko sita. Kesho utarudia."

Sikuwahi kuzipata zile mbili nyingine, na leo nashuku kwamba alizibuni ili nirudi. Lakini ndivyo nilivyojifunza. Kabla ya kurekodi mtu yeyote, rekodi dakika moja ya chumba kitupu. Piga makofi mara moja na usikilize jibu, kwa maana kila chumba kina noti yake, kinapenda kuimba pale pale. Usielekeze mikro moja kwa moja mdomoni, ielekeze kwenye shavu. Na kila Jumamosi safisha vitufe vya meza ya sauti kwa spiriti na brashi laini. Vumbi letu la Goma ni lava iliyosagwa. Linaingia mahali ambapo hata dhambi haiingii.

Jivu Baridi walikuja pale redioni wakiwa wanne, siku ya mvua, wakiomba kurekodi. Aliyezungumza alikuwa Patient, mpiga gitaa. Mama yake alikuwa mpishi katika nyumba moja ya wageni huko Himbi, na mgeni mmoja alipohama aliacha katoni ya kanda zisizo na majalada. Patient alizisikiliza mwaka mzima bila kujua jina la bendi hata moja. Zilikuwa za vijana wa nchi za baridi, muziki ambao besi ndiyo inaongoza, gitaa linakwaruza pembeni kama kucha juu ya bati, ngoma ni kavu, na mwimbaji anasema maneno kama mtu anayesoma tangazo ukutani. Katika mji wa rumba na kwaya, Patient aliona kwamba hayo ndiyo mambo yake. Akamvuta Solange, aliyekuwa akipiga besi kanisani, akamvuta na Dido, aliyepiga ngoma katika harusi na alikuwa amechoka na harusi.

Wa nne alikuwa Bahati. Mwembamba, mpole, mtu wa Masisi. Aliimba akiwa amelala chali sakafuni.

Papa Anselme alimtazama, akanitazama. "Huyu mutoto ni mugonjwa?"

"Hapana, Papa," Bahati akajibu palepale chini. "Nikisimama, sauti inatoroka."

Baadaye aliniambia mimi sababu yenyewe. Utotoni, milio ya bunduki ilipoanza milimani, mama yake aliwalaza wote sakafuni, akawaimbia kwa sauti ya chini ili wasiinue vichwa. Kwake kuimba na kulala chini vilikuwa kitu kimoja. Maneno yake pia yalitoka huko. Yalikuwa orodha za vitu vilivyoachwa ndani ya nyumba: sufuria, kiatu kimoja, mlango uliofungwa vizuri, mbwa.

Tulirekodi nyimbo nne. Paroko alizisikia, akaniuliza kama kundi lile limefiwa. Hazikupigwa redioni hata mara moja, lakini zilinakiliwa kutoka kanda hadi kanda, na nilipohamia studio ya Himbi nilizikuta zimefika kabla yangu.

Albamu ya pili tulirekodi hapo studio, nyimbo nane, kwa siku sita. Mgeni mmoja aliyekuja kurekodi matangazo ya chanjo alisimama mlangoni akasikiliza, akasema muziki huo una jina: post-punk. Patient aliliandika kwenye kiganja kwa kalamu. Nyimbo hizo zilipendwa na wanafunzi hadi Bukavu. Watu walianza kuja kwenye matamasha yao wamevaa nguo nyeusi, jambo ambalo hapa Goma halihitaji juhudi, ukikaa nje saa moja tu. Papa Anselme, ambaye alikuwa amestaafu, aliisikiliza albamu yote nyumbani kwake, jicho moja limefumbwa. Alisema, "Besi ni nzuri. Lakini huyu wa kulala chini, anaimbia nani?" Alifariki kabla ya albamu ya tatu. Nafikiri angeniokoa.

Kwa albamu ya tatu Patient hakutaka studio. Alitaka chumba chenye kiza ndani ya sauti, alisema. Solange alikuwa na mjomba mwenye nyumba karibu na Birere, katika sehemu ambayo lava ilipita. Mnajua nyumba hizo. Lava iliijaza mitaa hadi madirishani, ikapoa, watu wakajenga juu yake, na kilichokuwa chumba cha sebule kikawa chini ya ardhi. Mjomba alikuwa amechimba ngazi kumi na moja kushuka sebuleni kwake mwenyewe. Kuta zilikuwa nzima. Kwenye moja bado ulionekana mraba mweupe mahali ambapo picha ilining'inia, na kwenye dirisha, badala ya bustani, palikuwa na jiwe jeusi lililobana nondo, na mikunjo yake kama nguo iliyokamuliwa.

Meza ya sauti niliiweka juu, katika stoo ya mjomba, pamoja na mashine ya mikanda, ile yenye magurudumu mawili na njia nane za sauti. Nyaya zilishuka ngazi. Grupu, jenereta ya umeme, lilinguruma uani. Tulifanya kazi mchana tu.

Siku ya kwanza nilirekodi chumba kitupu, nikapiga makofi. Kilijibu kwa noti ya la, ile ya do-re-mi, safi kabisa, kama kengele iliyofunikwa kitambaa. Solange alikaza nyuzi za besi yake zikapatana na noti hiyo, na kila alipoigusa, chumba kizima kiliimba naye. Bahati alilala katikati ya sakafu na karatasi yake na mshumaa kando ya kichwa. Tulimaliza nyimbo tatu kabla ya saa tisa. Tulipanda tukicheka. Hizo ndizo nyimbo mnazozijua.

Siku ya pili, kabla hatujaanza, Solange aliniita kutoka chini. "Mama Espé, sikia." Akapiga la. Chumba hakikuitika. Akashusha kidogo, chini ya la, chini kidogo tena, na hapo chumba kikaimba.

"Chumba kimeshuka," alisema.

Nilimwambia ni unyevu. Nilimwambia nyuzi zimelegea. Nilipiga makofi mwenyewe, nikasikia wazi kwamba jibu lilikuwa zito kuliko jana, nikamwambia aipatanishe besi upya. Mshumaa wa Bahati ulizimika. Akauwasha, ukazimika tena. Dido akauweka juu ya kiti, nao ukawaka vizuri.

"Chini iko upepo," Dido alisema.

Hapakuwa na upepo. Kila mtu wa Goma anaijua mazuku, hewa mbaya inayotoka ardhini na kulala mabondeni, na kila mtu ameona mbuzi aliyekufa kwenye shimo bila jeraha. Patient alilitaja neno hilo kwa mzaha. Mimi ndiye niliyejibu. "Mazuku ni ya kule njia ya Sake. Hapa ni mjini." Nilikuwa mkubwa wao, wakaniamini. Patient alilalamika kichwa kinamuuma, nikampa dawa.

Sasa nawaambia kitu ambacho sikuwahi kusema ofisini. Siku hiyo sauti ya Bahati ilikuwa nzuri kuliko sauti yoyote niliyowahi kupitisha kwenye waya. Ilikuwa imeongezeka kina. Ilitoka mbali na bado ilikuwa karibu, kama inatoka nyuma ya sikio langu mwenyewe. Niliketi juu katika stoo nimefumba macho, na sehemu moja ya kichwa changu ilikuwa ikisema kwamba chumba hakibadilishi noti bila kitu kuingia ndani yake. Mtoto wa shule angeweza kuniambia: hewa ikiwa nzito, sauti hushuka. Nilisikia, na nikasogeza kitufe ili isikike vizuri zaidi.

Tulirekodi nyimbo tano. Wakati wa kufunga, Bahati alipanda ngazi polepole, mkono ukutani.

"Mama," aliniuliza, "kwenye kaski uliweka sauti ya nani?"

"Yako."

"Ile ingine. Iko mutu anaimba chini yangu."

"Ni chumba kinarudisha sauti yako."

Aligeuka kutazama chini. "Lakini anatangulia. Neno langu analisema mbele ya miye."

Nilimwambia alale mapema.

Siku ya tatu ulibaki wimbo mmoja, wa tisa. Kwenye ngazi ya mwisho tulikuta mjusi amekufa, Dido akamsukuma kwa kiatu. Chumba kilikuwa kimeshuka tena, sasa hata Patient alisikia. Nilisema, "Turekodi mara moja tu, halafu tutoke." Maneno hayo nayakumbuka kwa sababu ni mimi niliyeyasema.

Walianza vizuri. Besi, kisha ngoma, kisha gitaa likikwaruza. Bahati aliingia. Nilikuwa na kaski masikioni, macho kwenye sindano za vipimo, na katika mstari wa nne nikaisikia ile nyingine. Ilikuwa chini ya sauti yake, nzito, haina haraka. Ilisema "mlango," kisha Bahati akasema "mlango." Ilisema "kiatu," kisha Bahati akasema "kiatu." Nilikagua nyaya. Njia ya tano tu ndiyo iliyokuwa na sauti ya mtu. Zote mbili zilikuwa zikiingia kwa mikro moja.

Halafu ikabaki moja. Wimbo uliendelea, ubeti wote, maneno yote mahali pake, lakini hakukuwa tena na wa kufuata. Ngoma zikaanza kuchelewa, kama mtu anayepanda mlima na mzigo. Nikaita kwenye mikro yangu, "Bahati?" Sauti haikukatika. Iliendelea kuimba juu ya jina lake.

Nilitupa kaski nikashuka. Mshumaa juu ya kiti ulikuwa umezimika. Tochi yangu ilimwangaza Patient amesimama akipiga, macho wazi, na Solange akiyumba. Dido alikuwa ameinamia ngoma, mkono mmoja bado unapiga. Bahati alikuwa chali. Mdomo ulikuwa umefungwa.

"Toka! Wote, toka!"

Solange na mimi tulimvuta Bahati kwa mabega. Ngazi zile kumi na moja nilizihisi kama mia, na nilipoinama hewa ilinichoma puani kama limonadi. Patient alirudi chini akamtoa Dido mgongoni. Tuliwalaza uani juu ya mawe meusi, jua la saa sita likituchoma. Dido alitapika, akalia, akapumua. Bahati tulimpulizia, tukamsugua, mjomba akaleta gari. Hospitalini daktari alisema alikuwa amekwisha kufa tulipomfikisha juu.

Mafundi wa volkano walikuja na kipimo chao. Walisema gesi ilikuwa imepata ufa mpya chini ya sakafu, na chumba kilikuwa kikijaa kutoka chini kama beseni. Mtu aliyesimama angeumwa kichwa. Mtu aliyelala hakuwa na nafasi. Mjomba akaziba ngazi kwa saruji. Jivu Baridi haikupiga tena. Dido anasikia vibaya upande mmoja, Patient yuko Kampala na hajibu simu zangu, Solange anafundisha muziki na ananijibu, ila kwa ufupi. Kabla hawajatawanyika niliwauliza wote watatu swali moja: waliacha kumsikia Bahati wakati gani? Wote walisema waliimbiwa hadi mwisho.

Wiki chache baada ya matanga, Mama Bahati alikuja studio. Alikuja asubuhi, amevaa kitambaa cheusi, akakataa soda, akaketi kwenye kiti changu. Nilikuwa nimejiandaa kumwambia pole. Badala yake nilimwambia ukweli: kwamba nilisikia tangu siku ya pili, kwamba Solange aliniambia, kwamba nilinyamaza kwa sababu sauti ilikuwa nzuri.

Aliitazama mashine ya mikanda. Kisha akasema, "Batu banasema iko wimbo ambao mwana wanjye Bahati aliimba akiwa amekufa. Nataka nisikie aliimba mupaka wapi. Pale anaishia, unikatie."

Nimekata sauti maisha yangu yote. Nimetoa vikohozi vya maaskofu na matusi ya wagombea. Nilikuwa nimeusikiliza mkanda huo kila siku tangu mazishi nikitafuta mahali ambapo Bahati anaisha, na sikupaona. Nilimwambia hivyo.

"Weka tu," alisema. "Miye nitapajua."

Nilimvalisha kaski. Nikamwekea tangu mwanzo, nyimbo tatu za siku ya kwanza. Alisikiliza mikono magotini, midomo ikifuata maneno, na mara moja alitabasamu. Kisha ukaanza wimbo wa kwanza wa siku ya pili. Bahati alivuta pumzi, akatamka neno la kwanza.

Mama Bahati aliinua mkono.

"Hapa."

"Hapana, Mama, hii ni siku ya pili. Siku hiyo alikuwa mzima. Alikula na sisi. Aliongea na mimi pale kwenye ngazi."

"Hapa," alisema. "Kutoka hapa si yeye."

Nilitaka kubishana. Mimi ndiye fundi. Lakini nilimtazama usoni nikaona kwamba hakuwa akibahatisha. Nikakumbuka jinsi nilivyoipenda sauti ile. 

Akavua kaski. "Ondoa yote yenye kubaki. Niko naona."

Ninyi mmezoea kubonyeza na kitu kimepotea. Mkanda haufutwi hivyo. Unachomoa kila waya, mashine haina cha kusikia, unabonyeza kurekodi, nayo inaandika kimya juu ya sauti. Haikubali kuharakishwa. Wimbo wa dakika tano unachukua dakika tano kufa. Nilichomoa nyaya zote nane mbele yake, nikazilaza mezani mmoja mmoja ili azione. Nikabonyeza. Tuliketi bega kwa bega tukitazama magurudumu yakizunguka na sindano nane zimelala. Nje watu wa jirani walikuwa wakipiga nguo kwenye mawe. Wimbo mmoja ukaisha, na wa pili, na wa tatu.  Wa nne, wa tano.

Ulipofika ule wa tisa, wa siku ya tatu, sindano ya njia ya tano iliinuka.

Iliinuka kidogo, ikashuka, ikainuka tena. Haikuwa hitilafu ya umeme. Hitilafu ya umeme naijua, inatetemeka kama nzi. Hii ilikwenda kwa mistari. Ilipanda, ikakaa, ikashuka, ikapumzika kiasi mtu anavyopumzika kuvuta hewa, halafu ikaendelea. Waya wake ulikuwa mezani mbele yangu, ncha tupu. Nilinyoosha mkono kuzima mashine.

Mama Bahati alinishika kiganja. Mkono wake ulikuwa wa moto.

"Unataka kusikia?" nilimuuliza.

Alitikisa kichwa kukataa, macho hayakutoka kwenye sindano. Yule ambaye mwenyewe alisema si mwanawe, sasa alikuwa akimtazama jinsi unavyomtazama mtu wa kwenu akipanda kilima cha mwisho na mzigo, ukiwa huwezi kumsaidia.

"Muache amalize," alisema.

Nikarudisha mkono. Tukamwacha amalize.